Tarjumani wa Viungo vya Kizungu

Watu wote wa Matrah, wenyeji na tuliotoka Unguja, wenye masikio na wasiotaka kusikia, wanatangaziwa kuwa Bwana Sleyum bin Majid amepata cheo ambacho hakijapata kuwako tangu dunia iumbwe: Tarjumani wa Kiingereza kwa Kiingereza. Wenye hasad watajiju.

Mambo yalikuwa hivi. Unguja ilipopinduka mwaka sitini na nne, Sleyum alikuwa bado skuli, na mwalimu wao wa Kiingereza ndiyo kwanza kawamalizia misemo ya viungo vya mwili. Masomo yakakatikia hapo hapo. Sleyum akaja zake Maskati na alichokuwa nacho kichwani. Kuomba maji kwa Kiingereza kulimpa tabu, lakini akijua kuwa Waingereza kitu ghali hukilipia mkono na mguu, mwoga wao huingiwa na baridi ya nyayo, na hodari wa bustani ana vidole vya kijani.

"Wenzako walitoka na mikufu," dada yake Mahbuba akimwambia kila akimpakulia wali. "Weye umetoka na magoti na pua! Nenda basi sokoni ukauze pua, tuone."

"Dada, lugha bila ya misemo ni mchuzi bila ya chumvi."

"Huo mchuzi chumvi naitia mie. Kula unyamaze."

Na Sleyum alikuwa na haja. Akimtaka Hamdiya, binti wa ami yake Thani, na Hamdiya akimtaka yeye, jambo lililojulikana na mji mzima isipokuwa, kwa adabu, wao wenyewe. Ami Thani hakukataa. Sharti lake lilikuwa moja.

"Pata kazi yenye kiti. Binti yangu simpi mtu anayechuma kwa kusimama."

Mwenyewe alikuwa ameuza vitambaa kwa kusimama mpaka miguu ikamvimba.

Mwaka sitini na nane ofisi moja ya mafuta ikatafuta tarjumani. Mahbuba akaipiga pasi dishdasha mpaka ikakaribia kutembea peke yake, Sleyum akaivaa, akaingia kwa meneja, Mzungu mrefu, mwekundu, na hapo akamwaga yote. Akamwambia ameipigania siku hii kwa meno na kucha. Akamwomba amwazime sikio. Akamhakikishia kuwa hamvuti mguu. Alipofika kwenye mabega, meneja akanyanyua mkono.

"Mimi Mholanzi," akasema polepole, kwa Kiarabu. "Sikufahamu hata moja."

Sleyum akauhisi wali wa harusi unapoa. Akageukia mlango.

"Ngoja. Huko kuvuta mguu ni nini?"

"Kumtania mtu, bwana."

Mholanzi akainuka, akaufunga mlango kwa ufunguo, akaanza kusema kama mtu aliyefika kwa mganga. Wakuu wengine wote humu ni Waingereza. Kila mkutano wanatia pua, wanatia ulimi, wanaangua vicheko.

"Miaka miwili nacheka wakicheka. Siku moja nilicheka kuliko wote, kumbe nilikuwa nasemwa mimi." Akapangusa paji la uso. "Kiarabu nimejifunza, nakijua. Kwa hawa nimeshindwa. Kwenye mikutano utakaa karibu yangu, uninong'oneze."

"Nitakaa?" Sleyum akauliza. "Juu ya nini?"

Mholanzi akamtazama, akatazama chumba, akamtazama tena.

"Juu ya kiti."

Siku aliyoanza kazi, alasiri, majlisi ya Ami Thani ilijaa. Mzee alikuwa hajasema ndiyo wala siyo. Alitaka kwanza asikie kwa kinywa cha mwenyewe. Lakini mji mzima alikuwa ameshautangazia kuwa Wazungu hawafahamiani mpaka mtoto wa ndugu yake akae kati yao. Halua ikapita, kahawa ikamiminwa. Nyuma ya pazia Mahbuba alikuwa amemshika Hamdiya mkono, na bangili zilizolia zikanyamazishwa.

"Haya mwanangu," Ami Thani akasema, akijinyoosha ili wazee waone vizuri anayeuliza ni nani. "Waeleze wenzangu. Leo hao Waingereza wamenena maneno gani mazito, hata Mzungu mwenzao ashindwe, uhitajiwe weye?"

Vikombe vikasita midomoni.

Sleyum akaweka chake chini.

"Choo cha ghorofani kimeziba, ami. Lakini kiti nnacho."