Siku sajini alipotoa damu yake kando ya damu ya kaka yangu, Kampala miaka ya sabini

Wakuu, heshima kwenu. Kuna mtu humu kaandika kwamba vipimo vya damu vya moyo ni longolongo. Basi leo nitoe hili. Nilikuwepo, siongezi chumvi.

Enzi za wanajeshi nilikuwa fundi wa maabara kwenye hospitali moja hapa Kampala. Kwetu Kibuli. Kaka yangu Sudi alikuwa makanika wa malori ya jeshi.

Asubuhi moja analetwa kifua kimembana, jasho linamtiririka, mkono wa kushoto mzito.

Daktari akasema huu ni moyo. Shida ni kwamba mashine ya ECG, ile inayochora mapigo ya moyo, ilikuwa imeishiwa karatasi, na kuzipata wakati ule ilikuwa ndoto. Tukabaki na kipimo cha damu cha ESR.

Kwa wasioijua: damu inawekwa kwenye mrija mwembamba wa kioo, unausimamisha wima, unasubiri saa nzima. Mwili ukiwa na mchochota, yaani unapambana na jeraha ndani, chembe nyekundu zinashuka haraka. Haikuambii jeraha liko wapi, ila ukiunganisha na maumivu yale unapata picha.

Nikapima. Kawaida kabisa.

Sajini wake alikuwa mlangoni. Akasema Sudi anakwepa kazi, anamchukua. Banange, jamani, mnaoikumbuka enzi ile mnajua aliyeitwa mkwepaji alikopelekwa. Mama, aliyekuja na Sudi, aliposikia alikaa chini kwenye korido.

Daktari akamwomba sajini asubiri. Moyo ukiumia, mchochota hauonekani kwenye damu papo hapo, unataka siku mbili tatu. Sajini akasema sawa, atarudi aone kwa macho yake.

Siku ya tatu akarudi kweli, na bunduki yake. Akavuta stuli mbele ya meza yangu.

Nikawaza, namba yoyote nitakayomsomea atasema nambeba ndugu yangu. Mdomo ukaniponyoka: "Afande, toa na wewe damu, tuiweke pembeni ya yake."

Nilijua nimejimaliza. Yule bwana akanikazia macho, halafu akakunja mkono wa shati.

Wakuu, alisahau kilichomleta! Kainama, pua inakaribia kioo, utadhani anaangalia mpira. Damu ya Sudi inashuka, yake imekwama pale juu. Akanuna.

"Yake nashinda yangu," akasema kwa Kiswahili chake cha kambini. "Huyu nakula nini?"

Nikamwambia hapa anayeshuka haraka ndiye mgonjwa.

Akaendelea kuikodolea mirija mpaka saa ikaisha. Ya Sudi ilikuwa imeshuka mbali, yake imesogea kidogo tu. Akaweka sawa shati lake, akaelekea wodini. Mimi nyuma yake.

Akasimama kitandani kwa Sudi. "Wewe lala," akamwambia. "Mimi naona mwenyewe."

Nililia mbele ya manesi, na sioni aibu hata leo.

Siku hizi kuna kipimo cha damu cha troponin, inaonyesha mapema zaidi, ESR kwa moyo imeshapitwa. Lakini nilichojifunza hakijapitwa: kipimo cha kwanza kikitoka safi na kifua bado kinabana, usikubali kurudishwa nyumbani. Ng'ang'ania kirudiwe.

Madaktari wa humu nirekebisheni nilipoteleza, na mwenye kisa chake akimwage hapa. Sudi aliishi, akaoza mabinti zake wote, na mama alikuwepo kwenye kila harusi.