Turubai Juu ya Kibanda cha Mzee

Kwenye mwimo wa mlango wa chumba chetu kule Bellevue, Johannesburg, kulikuwa na kitu kidogo kimepigiliwa kimshazari, kirefu kama kidole, kimepakwa rangi mara nyingi hata hujui ni chuma au ni mti. Mama alikuwa anatundikia funguo. Mimi nilidhani ni mabaki ya kengele ya zamani. Nyumba yenyewe ilikuwa ya zamani, imekatwakatwa vyumba kwa mbao: Wakongo mbele, mtu mmoja wa Tanga uani, na sisi Warundi wa Buyenzi katikati, na choo kimoja cha kutupatanisha na kutugombanisha.

Mwaka 2011 nikapata kazi ya ndani kwa mzee mmoja Myahudi aliyefiwa na mkewe. Alikaa upande wa pili wa kilima, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu. Siku ya kwanza nimefika mlangoni kwake, nikakikuta kitu kilekile, kimshazari vilevile, ila chake kinang'aa. Nikacheka peke yangu.

"Unacheka nini?"

"Mzee, hiki hata kwetu kipo. Mama anatundikia funguo."

Akanishika mkono. Kisha akaniuliza mtaa gani, nyumba ya ngapi kutoka kona. Kumbe yeye alizaliwa mitaa ileile, zamani kila mlango ulipokuwa na kijaluba chake na Ijumaa jioni mtaa mzima unanukia mkate. Akanieleza kwamba ndani ya kijaluba hutiwa maneno ya Mungu, yameandikwa kwa mkono juu ya ngozi na kukunjwa. Watoto aliocheza nao wengine wamekufa, wengine wako Australia, alipo na mwanawe.

"Basi tumebaki mimi na mlango wenu," akasema.

Jioni ile niliondoa funguo, nikakifuta kwa kitambaa. Mama akaniuliza kama nimebadili dini.

Shule yangu iliishia darasa la sita, na madrasa nayo nilikuwa mtoro. Lakini Nabii Ibrahim na Nabii Musa nawajua, nani asiyewajua? Kwangu walikuwa watukufu wa mbali, watu wa mimbarini. Kwa Mzee, Ibrahim alikuwa kama mjomba aliyehama juzi. Nikipiga deki anaanza tu, kwa Kiingereza cha polepole ili changu cha kuungaunga kifuate: "Unajua, hema la Ibrahim lilikuwa wazi pande nne. Kwa nini? Ili mgeni asipate tabu ya kutafuta mlango." Nami naacha dekio, naliona hema, naona na vumbi la miguu ya wageni. Siku nyingine akaniambia kwamba katika habari ya kuumbwa kwa dunia, giza lilitangulia na mwanga ukafuata, ndiyo maana siku yao inaanza jua likizama. Nikaruka. "Hata sisi! Tukisema usiku wa Ijumaa, ni ule wa kuamkia Ijumaa!" Tukatazamana kama watu waliogundua kuwa bibi zao walichota maji kisima kimoja.

Makosa nilifanya, tena mengi. Lile ninalolikumbuka zaidi ni la taa. Ijumaa moja kabla ya kuondoka niliizima taa ya sebuleni, nikijua namwokolea umeme. Kumbe sabato ilikuwa imeshaingia. Sabato yao hawawashi wala hawazimi, wala hawamtumi mtu mwingine awafanyie, na siku za mwanzo za sikukuu kubwa ni karibu vivyo hivyo. Mzee alikuwa amekaa pale pale kwenye kiti. Hakuniambia niirudishe. Alikaa gizani mpaka usingizi ukamchukua, na nilipokuja kujua baadaye na kulia, akaniambia, "Usilie, nililala mapema, ilinifaa."

Mwaka uliofuata Mzee akalazwa, moyo. Akarudi amepungua, anavuta pumzi akifunga viatu. Majira ya mvua za kwanza yakikaribia, wakati miti ya barabarani inaanza kutoa maua ya zambarau, nikamsikia anamwambia mwanawe kwenye simu: "Daktari haahidi kitu. Ninachotaka ni kukaa kwenye kibanda mara moja nyingine. Moja tu."

Kibanda ni cha sikukuu yao. Wazee wao walipotoka Misri na Nabii Musa walizunguka jangwani miaka arobaini wakiishi vibandani, na kila mwaka, kwa siku saba, wajukuu wanatoka kwenye nyumba zao za matofali, wanajenga kibanda uani na kula humo. Mzee hakuwahi kukosa tangu alipozaliwa. Mkewe ndiye aliyekuwa anapamba, yeye anajenga. Sasa hakuna wa kupamba, na mjenzi hawezi kubeba hata ngazi.

"Nitajenga mimi," nikasema.

Nilipomsimulia Mama, alipiga makofi kwa mshangao.

"Ana vyumba vingapi huyo?"

"Vitano."

"Vitano! Halafu anataka kula nje! Angetuuliza sisi tumwambie utamu wake."

Alikuwa na haki ya kusema. Mwaka 2008, watu walipowafukuza wageni kwenye vitongoji, mimi na yeye tuliishi kambini msimu wote wa baridi, kwenye hema linalovuja, mpaka kifua chake kikaharibika. Hapo ndipo alipopata turubai la buluu, akalishona kwa sindano ya magunia, akanifundisha kufunga mafundo ambayo upepo wa Johannesburg hauwezi kuyafungua. Tulipohamia Bellevue alilikunja, akaliweka chini ya kitanda. Aliapa hatakaa tena chini ya hema. Mimi nami nikaanza kuchora nyumba nyuma ya kalenda za zamani. Nyumba zangu zote, hata ile ya ghorofa, zilikuwa na paa la bati, ili mvua ikinyesha niisikie inapiga kelele huko juu wala isiniguse.

Asubuhi ya kuamkia sikukuu, redio ilisema mvua. Mama akainama, akalivuta turubai kutoka chini ya kitanda.

"Mpelekee. Mzee wa watu asilowe, na moyo wake huo."

Nikalitia kwenye mfuko. Mama hajawahi kumwazima mtu lile turubai.

Kibanda kilisimama saa sita mchana. Nguzo zilikuwepo stoo, na kuta tatu za mbao, mmoja wenye mlango. Juu nilipanga mianzi na makuti niliyokata mwenyewe bustanini, Mzee amekaa kwenye kiti ananielekeza kwa fimbo. "Yasibanane sana," akawa anasema. "Acha nafasi." Nikadhani ananihurumia kazi. Nikatundika machungwa na makomamanga kwa uzi. Akaonja kivuli kwa kiganja, akatabasamu hadi macho yakapotea. "Sharp," akasema, yaani safi, neno alilojifunza kwa vijana wa petroli. Akaenda kulala.

Saa kumi wingu likapanda jeusi kutoka kusini. Nikachukua ngazi. Nililitandaza turubai la Mama juu ya makuti yote, nikalivuta mpaka likakaza kama ngoma, nikafunga kona nne na katikati, kila mahali fundo moja alilonifundisha Mama. Nilishuka nimejaa furaha. Nikawaza atakavyotoka, atakavyoniangalia.

Mvua haikuja. Wingu lilipita juu yetu likaenda kunyeshea wengine. Jua likakaribia kuzama. Dada yake Mzee, bibi wa miaka themanini na tatu aliyeletwa kutoka nyumba ya wazee kwa ajili ya sikukuu, akawasha mishumaa na kuiombea. Kulipokuwa giza kamili wakatoka, bibi ameshikwa mkono na nduguye, mimi nyuma na sufuria ya supu.

Mzee akasimama mlangoni mwa kibanda. Akatazama juu. Hakuingia.

"He!" dada yake akasema. "Kibanda kimevaa koti la mvua."

"Karibuni," nikasema. "Ni pakavu kabisa."

Kisha wakaanza kuteta, kwa sauti ya chini lakini nikawasikia.

"Mwambie."

"Kumwambia ni kumtuma. Sikukuu imeingia."

"Basi nitamwambia mimi."

"Na wewe siyo Myahudi? Umeacha leo jioni?"

"Nina miaka themanini na tatu, nina njaa, na supu inapoa. Mungu ananijua."

"Anakujua sana. Ndiyo maana unyamaze."

Nikajua nimekosea, nisijue wapi. Nikadhani ni uchafu, ni viraka, ni aibu ya kitu cha kambini kuwekwa juu ya meza ya kitambaa cheupe. Eish, nilitamani ardhi inifunike. Na Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha uani, nje ya kibanda chake, anavuta pumzi, hali, hanywi. Zile nguvu alizokuwa akizitunza wiki nzima kwa ajili ya saa hii zilikuwa zinamwishia pale pale mbele yangu.

Akaniita. "Mwanangu, kaa. Nikupe hadithi ya Ibrahim."

Nikakaa kwenye ngazi ya jikoni na sufuria mapajani.

"Alikuwa mzee," akaanza. "Mzee kama mimi, ila hana mtoto. Amekaa ndani ya hema lake, anamlalamikia Mungu. Umenipa mbuzi, umenipa fedha, nani atarithi? Mungu hakumjibu mle ndani. Unajua alifanya nini? Alimtoa nje. Akamwambia tazama juu, hesabu nyota kama unaweza. Wazao wako watakuwa hivyo." Akapumzika. "Nami tangu utotoni najiuliza. Mungu anaweza yote. Kwa nini asimwambie akiwa ndani? Baba yangu akanijibu: kwa sababu mtu hawezi kuhesabu nyota akiwa na kitambaa juu ya kichwa. Ndiyo maana wazee wetu wakatuwekea kibanda. Na kibanda ambacho hakionyeshi mbingu, baba yangu alisema, hicho ni chumba tu."

Hakutazama juu, wala hakunitazama. Alitazama mikono yake.

Ndipo nikasikia tena, yasibanane sana, acha nafasi. Na nikaiona ile taa niliyoizima, naye amekaa gizani bila kuniambia niwashe. Kumbe alikuwa hawezi kuniomba, na asingeniomba hata kama angekaa kitini pale mpaka asubuhi. Aliloweza ni kunipa hadithi na kungoja.

Nakiri, nilisita. Kuondoa paa juu ya mtu mgonjwa! Kila kitu ambacho mwili wangu ulijifunza kambini kilikataa. Nikaiweka sufuria chini, nikachukua ngazi.

Mafundo yangu yalikuwa mazuri mno. Mawili niliyafungua kwa kucha, matatu kwa meno. Dada yake Mzee chini ananihesabia kama refa. Fundo la mwisho lilipoachia, turubai likateleza lenyewe kwa mlio wa kitu kinachoshusha pumzi, likaanguka bustanini.

Nikashuka. Nikaingia kibandani wa kwanza, kuokota kuti lililoanguka, nikainua macho.

Mwezi ulikuwa wa kumi na nne, kama wanavyousema washairi wetu wakisifu uso wa mpenzi. Mwanga ulikuwa unapita katikati ya makuti na kudondoka mezani vipande vipande, juu ya mkate, juu ya machungwa yanayozunguka polepole kwenye uzi. Na katikati ya vipande, nyota. Mwezi ulikuwa umezifukuza nyingi, lakini nilihesabu saba. Miaka minne nilikuwa nachora mapaa, na sikuwahi kukumbuka kwamba juu ya hema letu la 2008 zilikuwepo hizi hizi.

"Ngapi?" Mzee akauliza. Alikuwa ameshaingia, ameshika meza.

"Saba."

"Umeanza vizuri. Ibrahim hakumaliza."

Akainua kikombe cha divai. Akasoma kwa lugha yao, na mwisho kuna maneno ambayo dada yake alinitafsiria sikioni: wanamshukuru Mungu kwa kuwaweka hai na kuwafikisha saa hii. Hapo sauti ya Mzee ilikatika katikati. Tulingoja. Akamaliza. Kisha akanionyesha kiti cha tatu, nami nikakaa na kitambaa changu cha jikoni begani, nikala mkate uliochovywa kwenye asali chini ya paa linalovuja mwanga.

Nyumbani Mama aliuliza, "Limefaa?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza huku ananikung'uta vumbi kwenye gauni.

"Kwa hiyo shida yake ni kuona juu."

"Ndiyo."

"Na pembeni je?"

Nilimpelekea Mzee swali hilo. Akacheka mpaka dada yake akamletea maji. Pembeni, akasema, hakuna neno; ukuta unaweza kuwa mbao, unaweza kuwa kitambaa, mradi upepo usiuondoe. Na upande wa nne wa kibanda ulikuwa wazi, baridi inampiga mgongoni. "Mwambie mama yako Ibrahim anamkaribisha," akasema. "Ibrahim ndiye mgeni wa kwanza tunayemwita kwa dua kibandani kila mwaka, na hapendi kula peke yake."

Siku ya nne, ambapo sheria zinalegea kidogo, nililifunga turubai upande ule. Mama alikuja saa tisa, amevaa kitenge chake cha Idi na amebeba sahani ya maandazi ambayo Mzee asingeweza kuyala kwa sheria za jiko lao, lakini aliyapokea kwa mikono miwili na kuyaweka mahali pa heshima. Mama alisimama mlangoni kama alivyosimama Mzee siku ile. Akatazama juu kwa muda mrefu. Wingu jeupe lilikuwa linapita juu ya makuti.

Kisha akaingia, akapita meza, akapita kiti alichosogezewa, akaenda moja kwa moja kwenye kona ya turubai lake. Akalivuta fundo kwa vidole viwili.

"Hili limelegea," akaniambia, akalifungua, akaanza kulifunga upya.