Shikamoo Isiyoitikiwa

Nikiwa mtoto bado, kijijini kwetu karibu na Kharumwa, niliamini kwamba udongo una masikio. Aliyeniaminisha ni bibi yangu, mfinyanzi wa vyungu.

"Kule shimoni hatusemi, ng'wanone," aliniambia, akiniita mwanawe kwa Kisukuma, kila tulipobeba vikapu. "Udongo ukisikia sauti ya mtu, unahama."

Basi tulichimba kimya, hata nzi akituingia mdomoni. Kulainisha chungu kwa jiwe na kukichoma alikwisha kunifundisha. Kilichobaki ni kuutambua udongo usiopasuka motoni, na hilo alisema angenionyesha nikivunja ungo.

Asubuhi moja akapita kijana mchimba dhahabu, mgeni, sururu begani.

"Shikamoo, bibi."

Bibi akaendelea kuchimba.

"Shikamoo, bibi." Kisha akanigeukia mimi. "Mbona haitikii? Kwani humo kuna nini?"

Nikauma midomo. Kijana alikuwa na adabu, na adabu yake ndiyo iliyotumaliza. Mzee anayekunyima marahaba ana jambo analificha, na kwetu kinachofichwa shimoni ni kimoja tu. Alirudi na wenzake. Wakachimba duara baada ya duara, yale mashimo yao ya dhahabu, kifusi wakakimwaga juu ya udongo wetu. Dhahabu hawakuipata, wakaenda zao.

Bibi alijaribu kufinyanga kwa udongo uliobaki, uliojaa kokoto. Vyungu vyote vikapasuka motoni. Alivitazama, akasema tu, "Nilikwambia utahama." Hakufinyanga tena, na alifariki kabla sijavunja ungo.

Leo nina duka la vyombo hapa Nyasubi, nauza mabakuli ya Kichina yanayong'aa. Huyageuzageuza mkononi nikiwaonea wivu walioyatengeneza, maana wao walifundishwa hadi mwisho. Binti yangu aliniomba nimrithishe ufinyanzi. Nikamtolea jiwe la bibi, tukajaribu udongo wa mtoni, wa kichuguu, hata wa Didia tulioletewa kwenye kiroba. Wote ulipasuka. Juzi akaniambia, kwa upole, "Mama, tuache." Tukaacha.

Sijui kama udongo una masikio. Ninachojua ni kwamba bibi alishika mwiko wake barabara na bado udongo ukahama, na hilo linaniuma kuliko kama angeuvunja. Siku hizi mteja akinipa shikamoo naitikia upesi, marahaba, kabla hajamaliza. Haisaidii kitu.