Makofi ya Mama Sifa

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Nimevuka mpaka kwa miguu, nimelala gereji za Mbarara pamoja na panya, na leo nina duka la vifaa vya ujenzi na malori mawili, mimi ambaye darasa la kwanza sikulimaliza. Benki wananiita mzee, na hamsini sijaifikia. Lakini acha mtu afungue mbele yangu bido kuukuu, yaani dumu, la mafuta ya msaada lililokauka juani. Ile harufu ya plastiki na mafuta yaliyochacha ikinifika puani, natafuta pa kukaa. Nawaambia ninyi sababu yake. Mke wangu nimemwambia nusu tu.

Tulifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kutoka Kivu ya Kusini nikiwa na miaka kumi na mmoja, tukapewa kiwanja Rubondo. Jirani yetu alikuwa Mama Sifa, mjane, mwembamba kama mpini wa jembe. Kanisa letu la turubai lilikuwa limemtenga. Siku ya Meza ya Bwana alikaa benchi la mlangoni, na kikombe kilipofika pale kilirudi.

Kosa lake? Kule nyumbani, wiki moja baada ya kijiji chetu kuchomwa, alimkuta kijana mmoja wa wale waliochoma ameanguka njiani, ana jeraha. Akamnywesha maji, akamlaza kibandani kwake siku mbili. Wazee wa kanisa walimtaka atubu. Jibu lake lilizunguka kambi nzima: "Nitatubu juu ya nini? Alikuwa na kiu." Basi wakaamua hatakula Meza mpaka mtu asimame kanisani, hata mmoja tu, ashuhudie kwamba ameona tunda jema kwake. Hakusimama mtu. Mama yangu, ambaye kaka yake aliuawa siku ya moto ule, alinikataza hata kukanyaga kivuli cha nyumba yake.

Nilikanyaga. Mama Sifa alikuwa na karanga za kukaanga, na mimi nilikuwa na tumbo. Tulipatana: nimletee maji toka kisimani kwa bido lake la mafuta ya msaada, anipe karanga kiganja kimoja. Neno la Mungu lilikuja kama nyongeza tu. Nilipokuwa natafuna, yeye alifungua Biblia yake isiyo na jalada, akanisomea ile sura ya upendo, mstari mmoja kwa kila bido, nami nikaurudia hadi ukakaa kichwani.

"Polepole!" alinigombeza. "Unasema upendo kama mutu anauzisha ndagala! Samaki itaoza?"

Ikafika sikukuu ya watoto kanisani. Wenzangu walisoma mistari miwili mitatu, wakakwama, wakalia. Mimi nikasimama, mikono nyuma, nikaitoa sura nzima, mwanzo hadi mwisho, bila kuteleza. Kila mtu alijua sijui kusoma.

Mchungaji akashuka toka madhabahuni. "Bahati, mutoto wangu, wewe haujue a wala be. Ni nani alikufundisha?"

Nikamtazama mama yangu, safu ya tatu. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuanza kuuliza. Nikatazama mlangoni. Mama Sifa alikuwa ameinuka nusu, mkono ameshika nguzo. Msiniambie mtoto hajui. Nilijua. Alikuwa anangoja jina lake litoke mdomoni mwangu.

"Ni Roho," nikasema. "Alinifundisha mu ndoto."

Ee, vigelegele! Wanaume walilia. Watu wakanipaka mafuta kichwani, sahani ikazungushwa kwa ajili ya mtoto wa Roho. Kelele zilipopungua nikasikia makofi yamebaki peke yake mlangoni, ya mtu mmoja, polepole, kama alivyonifundisha kusema. Alikuwa ananipigia mimi.

Sikumchotea maji tena. Naye hakuniita.

Sadaka ya sahani ile nilinunulia sabuni sokoni Kaberebere, nikaiuza kipande kwa kipande Rubondo, nikanunua nyingine. Ndiyo ngazi iliyonifikisha Mbarara. Miaka yote hiyo nikipiga kifua mbele za watu, "Nilijitengeneza mwenyewe," sauti yangu ilikuwa inasikika kwangu kama vigelegele vya siku ile.

Mwaka 2015 mteja mmoja kutoka kambini aliingia dukani na bido kuukuu akitaka kuwekewa rangi. Akalifungua, harufu ile ikanifika. Jumapili iliyofuata nilipakia mabati lori zima, nikatia bahasha nene mfukoni, nikaenda Rubondo.

Kanisa sasa lilikuwa la matofali. Ilikuwa siku ya Meza. Mama Sifa alikuwa pale pale mlangoni, macho yamefifia. Nikasimama, nikasema yote: karanga, ndoto, uongo. Nikamaliza, nikangoja mawe.

Watu wakatazamana. Mchungaji, kijana mgeni, akauliza kwa upole, "Ametengwa na nani, papa?" Wazee wale walikuwa wamekwisha kupanda ndege kwenda kupewa makazi Amerika, mmoja mmoja, na hakuna aliyekumbuka kufungua mlango waliofunga. Mama Sifa peke yake ndiye aliyekuwa bado anawatii. Mchungaji alidhani mama huyu hapendi tu Meza. Akampelekea kikombe. Alikishika kwa mikono miwili, akakaa nacho muda mrefu kabla ya kunywa.

Utotoni nilidhani upendo ni sura. Anayeisema bila kukosea ndiye anao. Tulihubiriwa kila Jumapili kwamba Mungu mwenyewe ni upendo, tukamnyima kikombe mtu pekee kati yetu aliyemnywesha adui. Na mimi ndiye niliyekuwa tunda lake, nikakataa kuonekana.

Nyumbani kwake nikatoa bahasha. Akaipapasa, akanirudishia.

"Mama, ulinipigia makofi kwa nini siku ile?"

"Juu ulisema muzuri. Haukuruka hata mustari." Akasukuma kitu kwa mguu. "Mabati peleka kwa kanisa. Mimi bido yangu haina maji."

Nikalibeba kwenda kisimani, nikiwa na suti yangu. Siku hizi kisima kina mlinzi. "Bosi, hapa hakuna bure," akasema.

Kumpa mtu maji kulimgharimu Mama Sifa miaka kumi na saba mlangoni. Mimi, shilingi mia mbili.