Wajina wa Baba Mkwe

Jina hilo sikuzaliwa nalo, niliolewa nalo. Nilipofika Gesima nikiwa bibi harusi, miaka michache kabla ya vita vya pili vya Wazungu, nilikuta ni jina la boma moja tu. Ng'ambo ya mto hapakuwa na mtu mwenye jina hilo, wala kwenye vilima vya nyuma yetu. Lilikuwa la babu wa mume wangu, aliyezaliwa njiani watu wakikimbia vijiji vilivyochomwa. Wamishonari walipoanza kutaka kila mtu awe na jina la pili, wazao wake walilishika hilo. Sitaliandika hapa. Wenye nalo bado wapo, na wengine wamechoka kuulizwa.

Waliolifanya lijulikane ni wanaume wawili. Wa kwanza ni baba mkwe wangu. Alikuwa omobari, mganga wa kufungua vichwa. Mtu akipigwa rungu au akianguka kutoka mtini, kisha kichwa kikamuuma miezi na miezi hata akawa anakigonga ukutani, jamaa zake walimleta kwetu. Baba mkwe alimlaza juu ya majani ya mgomba, akapasua ngozi ya kichwa, akaukwangua mfupa polepole mpaka palipovunjika pakaondoka. Wengi walipona. Wasiopona walibebwa kurudishwa kwao, na siku hizo baba mkwe hakula. Watu walitoka mbali, hata upande wa ziwani, wakiuliza njia kwa kulitaja jina letu tu.

Wa pili alikuwa askari wa chifu. Kwao ni Nyaramba, mwendo wa siku nzima kutoka kwetu, na jina lake lilikuwa lile lile. Wazee waliketi wakataja mababu wa huku na mababu wa kule, wasione mahali wanapokutana. Ukoo wake ulikuwa mwingine kabisa. Hata hivyo baba mkwe alimwita wajina, na kila alipopita njia yetu alikaribishwa uji wa wimbi. Alikuwa mrefu, kaptula yake imenyooka, mwenye kicheko cha kumfanya mtu acheke kabla ya kujua kinachochekesha. Mume wangu alimpenda. Mimi pia, kwa kuwa boma letu lilikuwa kimya mno, na siku aliyokuja yeye kuku wenyewe walionekana wamechangamka.

Vita vilipoanza, kazi yake ilibadilika. Chifu alitakiwa kutoa vijana, wengine wa jeshi, wengine wa kulima mashamba ya Wazungu. Askari aliwafuata sokoni, kwenye pombe, hata mlangoni pa kanisa siku ya Sabato. Alimshika kijana mkono na kumwambia kwa Kiswahili, lugha ambayo wengi wetu hatukuijua wakati ule, "Haya, twende." Neno hilo hata vikongwe walilijua. Watoto wakilisikia walikimbilia migombani. Haikuchukua muda, akina mama wakawa wanawanyamazisha watoto wao kwa jina letu, na hawakuwa wakimwazia mganga.

Kisha manung'uniko yakaanza kwamba langoni petu anapita bila kumshika mtu.

Alikuja asubuhi moja, mume wangu akiwa juu ya paa la nyumba yetu mpya, akiezeka. Mimi nilikuwa na mimba, nimeketi chini nafunga mafungu ya nyasi nampa. Baba mkwe alimtolea mgeni kigoda. Hakukaa.

"Wajina," alisema, "leo sikuja kunywa uji."

Baba mkwe alimtazama. "Nina mwana mmoja."

"Najua."

"Kwa jirani wako wanne."

"Hao majirani ndio wanaosema naificha nyumba yenye jina langu. Wamefikisha jambo hilo kwa chifu. Nikikuacha wewe, nitamshika nani tena?"

"Kwa hiyo mwanangu anakwenda ili wewe usisemwe."

Langoni walisimama askari wenzake wawili wenye marungu. Mume wangu alishuka, akapangusa mikono mapajani.

"Baba, usibishane naye," alisema. Akanigeukia mimi. "Upande wa jikoni haujaisha. Mwambie binamu yangu aje aumalizie kabla ya mvua."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Nimeyawaza sana. Kama angejua, nadhani angesema mengine. Lakini hakuna ajuaye, na paa kweli lilikuwa wazi. Askari alimshika mkono juu ya kiwiko, kama alivyowashika wote, na kusema, "Haya, twende."

Mama mkwe hakulia. Kumlilia mtu aliye hai ni kumchimbia kaburi, alisema, akaenda kusaga wimbi. Alisaga mpaka jioni, unga ukamwagika kutoka kwenye ngozi ya kukingia, akaendelea kusaga.

Mtoto wangu alizaliwa mvua zikinyesha, mvulana. Binamu alikuwa amemaliza kuezeka.

Askari alianguka mwaka uliofuata, katika soko la juu ya kilima chetu. Alikuwa amemshika kijana wa mwisho wa mjane mmoja. Wanawake waliacha mboga zao chini wakamzunguka. Hakuna aliyewahi kusema nani alirusha jiwe la kwanza, na mimi sikuwapo. Ninachojua ni kwamba moja lilimpata juu ya sikio la kushoto, na wenzake walipowatawanya wanawake walimkuta akikoroma kama mtu aliyelala.

Barabara ya kwenda hospitali ya Kisii ilikuwa matope matupu na lori halikuweza kupita. Wakamfunga kwenye machela, wakambeba mpaka kwetu. Jua lilikuwa bado juu. Walimweka katikati ya uwanja, nzi wakamjia.

"Mzee, tumekuletea mtu," alisema mmoja wao. "Ni wajina wako."

Mama mkwe alitoka akasimama mlangoni pa nyumba ambamo baba mkwe aliweka visu vyake. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili. Aliujaza mlango.

"Mzee," alimwambia mumewe, "kichwa hicho ndicho kilichowaza mwanangu apelekwe."

"Najua."

"Basi kiache kioze."

Baba mkwe aliketi kwenye kigoda, akatoa ugoro, akanusa. Alikaa hapo mpaka kivuli cha ghala kikafika kwenye machela. Wale askari hawakuthubutu kumharakisha. Halafu alipiga magoti kando ya yule mtu, akainama karibu na uso wake na kuuliza, si kwa hasira, "Wajina, ulimpeleka wapi?"

Mtu alikoroma tu.

"Akifa hivi," baba mkwe alisema akiinuka, "hatanijibu kamwe. Mwambie mke wa mwana wetu achemshe maji."

Aliyasema kwa mama mkwe ingawa nilikuwa karibu nasikia. Kwetu mke wa mwana na baba mkwe hawasemezani ovyo wala hawakai chumba kimoja. Ndiyo heshima tunayoiita ensoni. Mama mkwe alisimama kidogo pale mlangoni, kisha akapisha. Nilichemsha maji nje, mwanangu mgongoni, na yote yaliyofuata niliyasikia kupitia ukuta. Ilikuwa sauti ya mtu anayekwangua chungu kilichoungua. Ilianza, ikakoma, ikaanza. Yule mtu alipiga ukelele mara moja, mrefu, na mwanangu akaamka akaanza kulia naye.

Hakufa. Baada ya siku kadhaa alifumbua macho, na baba mkwe akamuuliza tena. Askari alifungua kinywa, akahangaika, jasho likamtoka, na kilichotoka ni neno moja.

"Twende."

Aliulizwa jina lake. "Twende." Aliulizwa kama ana njaa. "Twende." Mkono wa kulia ulikuwa umekufa, mguu wa upande huo akiuburuta, na katika maneno yote aliyokuwa nayo alikuwa amebakiwa na hilo. Akitaka maji alilisema kwa upole. Akiumwa alililia. Naamini alijua kwamba silo alilotaka kusema, kwa sababu kila mara likitoka aliziba mdomo kwa mkono mzima.

Chifu alituma mtu kumwangalia, akaona hafai tena, hakutuma mwingine. Kaka yake mama mkwe alitembea mpaka Nyaramba kuwaambia watu wake waje wamchukue. Alirudi peke yake.

"Nimeongea na baba yake," alisema. "Amesema, yule tulimzika siku aliyokuja hapa kumshika mdogo wake mwenyewe."

Hivyo alibaki kwetu. Alilala katika kibanda alichokaa mume wangu zamani za ujana wake, na mimi ndiye niliyempelekea chakula, kwa kuwa mama mkwe alikataa. Nilimlisha ugali wa wimbi na mboga kwa mkono wangu, tonge kwa tonge, naye akinitazama. Nilimchukia, lakini ni vigumu kumchukia mtu wakati unampangusa kidevu. Wakati mwingine nilimuuliza mambo. Alikuwa amevaa viatu? Alikwenda na lori au kwa miguu? Alisema nini mlipofika? Aliitika kila swali, na mimi nilikaa kumsikiliza kana kwamba nitapata maana katika namna alivyolitamka.

Vita vilipokwisha, kijana wa kilima cha pili alirudi akiwa na koti la jeshi. Hakwenda kwanza kwao, alikuja kwetu. Tulipomwona anavua kofia tangu langoni tulijua. Alisema mume wangu alikufa kwa kuhara damu, mbali, katika nchi ya joto na msitu, na kwamba yeye mwenyewe alisaidia kumzika kando ya mto.

"Mto gani?" aliuliza mama mkwe.

"Mama, sikulijua jina lake."

Sasa mama mkwe alilia. Alivua vitambaa, akajitupa chini, akagaagaa. Yule askari alikuwa ameketi mlangoni pa kibanda chake. Alisikia yote. Aliinuka akijiburuta kuja kwetu, mkono umenyooshwa, mdomo ukitetemeka, na sote tulijua atasema nini kabla hajalisema. Mama mkwe aliokota ukuni akampiga nao kifuani, begani, popote. Hakujikinga. Baba mkwe alimshika mkewe kiuno akamrudisha nyuma, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza nikamwona mzee yule akilia, mbele yangu, bila kujali ensoni.

Askari aliishi miaka mingine mitatu au minne. Watu walimzoea. Alijifunza kufukuza ndege katika wimbi, na kwa kazi hiyo neno lake lilitosha. Kisha akapatwa na homa ya mapafu, akafa mchana mmoja tukiwa shambani.

Wazee wa ukoo walikuja wakasema asizikwe ndani ya boma. Si mtu wetu. Apelekwe mpakani, kwenye vichaka. Baba mkwe alikuwa mzee sasa, hakuwa na nguvu ya kubishana. Aliyesema ni mama mkwe.

"Chimbeni pale," alisema, akionyesha mahali kando ya nyumba ambapo mwanawe angelazwa kama angefia nyumbani.

"Mama, pale ni pa mwanao," mzee mmoja alimwambia.

"Na mwanangu yuko wapi?"

Walichimba. Mwili uliposhushwa alikaa ukingoni mwa kaburi akalia kilio ambacho hakikuwa cha huyo mtu. Alisimulia jinsi alivyomzaa, jinsi alivyochelewa kutembea, jinsi alivyopenda maziwa yaliyoganda. Aliita lile jina la nyumba yetu, tena na tena, na kwa kuwa lilikuwa la wote wawili hakuna aliyeweza kumwambia amekosea. Waombolezaji waliinamisha vichwa. Baba mkwe aliweka udongo kwanza, kama afanyavyo baba.

Tangu siku hiyo mama mkwe alipafagia pale kila asubuhi. Alianza kula tena, akanenepa kidogo. Mumewe alifariki, akazikwa jirani ya kaburi hilo. Visu vyake havikupata mrithi. Mwanangu alikwenda shule ya misheni, ambako wenzake walimkimbia wakipiga kelele za "Twende!" kila jina lake lilipoitwa, naye akajifunza kupigana mapema.

Mwanangu alipokuwa mvulana mkubwa, mwanamke alifika langoni na kuku chini ya kwapa. Miguu yake ilikuwa nyekundu kwa udongo wa njia ndefu. Alijieleza kuwa ametoka Nyaramba.

"Baba yetu amekufa," alisema. "Akiwa hai hatukuruhusiwa hata kumtaja. Nimekuja kumwona kaka yangu alipolala."

Mama mkwe aliacha kufagia. "Hapa hakuna kaka yako."

"Mama, niliambiwa—"

"Hapa yupo mwanangu. Rudi kwenu."

Yule mwanamke alitazama kaburi, kisha akanitazama mimi. Nilimtoa langoni kama anayemsindikiza mgeni. Tulipofika nyuma ya migomba nilimshika mkono, nikampitisha kwenye pengo la ua, mahali ambapo mtu angeweza kuliona kaburi bila kuonekana kutoka nyumbani. Alisimama hapo. Alitaka kulia kwa sauti, kama inavyopasa dada, nikamwekea kidole mdomoni. Basi alilia kimya, akiuma kanga yake, mpaka mama mkwe alipomaliza kufagia na kuingia ndani.

"Alisumbuka?" aliniuliza.

Nilimwambia alikuwa akifukuza ndege, na kwamba alikula vizuri. Aliniachia kuku. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Nyaramba, nikamsihi alale, akakataa, akafunga kichwa na kushika njia.