Wimbo Wangu wa Mwisho Umebaki na Chai Ndani

Leo Mariamu amenifumania nikimwimba. Aibu niliyoona!

Mariamu ni Mkenya anayenitunza hapa kwa mwanangu, Jeddah.

Nilikuwa mtunzi wa muziki wa filamu za Kigujarati. Sisi huanza na tuni, tunajazia maneno yoyote, kisha mshairi anaandika ya kweli.

Naungama kabla sijafa: nilizaliwa Mombasa, na maneno yangu ya kujazia yalikuwa ya Kiswahili daima. Sikumwambia mtu.

“Baba, ‘Mariamu lete chai, dawa chungu’ ndio wimbo?” Mariamu aliuliza.

“Mshairi atayaondoa.”

“Si ulisema alishakufa? Halas, yameisha, imba hivyo hivyo!”

Mwanangu anataka tutafute mshairi mwingine.

Sitaki. Pumzi zimebaki chache, na kesho narekodi Kiswahili changu.

Nani ananikatalia?