Mtu wa Rada na Pondo la Mkwe

Bora aibu hii niiseme mwenyewe kabla Felista hajawasimulia, maana yeye huongeza chumvi, na yenyewe ilikuwa na chumvi ya kutosha.

Miaka ya tisini nilikuwa pwani, kwenye kituo cha rada juu ya kilima, chumba chenye mapazia mazito na kioo cha kijani, meli ikipita huko mbali naiona kama punje ya mchele inayong'aa, mvua na mawimbi makubwa yanaonekana kama vumbi, halafu nashika redio ya upepo namwambia nahodha, "Geuka kulia," na meli nzima inageuka! Nikirudi Ifakara likizo najitapa kuwa niko kwenye meli (ndani ya meli sijawahi kukanyaga, miaka mitatu sikulowa hata kidole).

Basi nikamtaka Felista, binti wa mvuvi wa upande wa Lupiro, na mpango wangu ulikuwa nimwoe, nimwache kwa mama Ifakara, mimi nirudi kwenye kioo changu. Kwa kawaida mwoaji haendi kwenye posa, lakini mzee alitaka kumwona huyo mtu wa meli, akaja mwenyewe na mtumbwi kutuvusha mto, mimi na mshenga wangu, mjomba Kaspari, aliyetia barua ya posa mfukoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nahodha yupo, mimi nisukume nini?" Akaninyooshea pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi.

Hapo ningesema tu, "Baba, mimi huwa naangalia." Nikalishika.

Katikati tulifika (kwa kuzunguka, lakini tulifika). Ng'ambo wazee wamejipanga, akina mama wameshaanza vigelegele, nikaona tunaingia kwenye matete, nikapaza sauti kama niko kituoni, "Kulia! Geuka kulia!" Nani ageuke? Pondo likanasa kwenye tope, nikaling'ang'ania, mtumbwi ukaenda zake, nikaudaka ukingoni na kuupindua, mkwe akaingia majini na kofia yake, mjomba na barua yake. Vigelegele vikakatika. Maji yalikuwa ya kiunoni, nashukuru Mungu, ila kumwogesha baba mkwe mbele ya ukoo wake, jamani!

Barua ilipotolewa ilikuwa wino mtupu. Mjomba Kaspari akaikunjua, akaikunja tena. Mzee akakamua kofia.

"Huko pwani unafanya nini hasa?"

"Naangalia meli, baba. Kwa mbali."

"Na mjomba wako kanidokeza kwamba mwanangu utamwacha kwa mama yako."

Nilijua nimeshamkosa, na moyo uliniuma kweli.

"Utaondoka naye," akasema. "Felista hatazamwi kwa mbali."

Tukaishi chumba kimoja kule kilimani, na siku zile nazitamani mpaka leo. Mzee ametutoka, Mungu amrehemu. Sasa tumerudi nyumbani, mto tunauvuka kwa daraja, na pondo nimeapa sitaligusa mpaka naingia kaburini. Kila tukifika katikati Felista hunigusa bega, "Geuka kulia, nahodha." Nami nageuka, maana kulia ndiko anakokaa yeye.